Simu Iliyobaki na Jina Langu

Mwanamke aliyebisha geti letu Jumatano ile mchana nilikuwa ninaijua sura yake, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu hatukuwa tumewahi kukutana.

Alikuwa mrefu, shuka la buluu amelifunga begani, kandambili zake zimejaa vumbi la mtaa wetu wa Nakwamekwi, Lodwar. Aliniuliza kama mimi ndiye Nakiru Lokeno. Nilipokawia kujibu akaendelea kwa sauti ya mtu anayekariri: nilizaliwa tarehe tisa Machi, nilisomea takwimu Eldoret, mama yangu anaitwa Abei na huuza samaki wa Kerio sokoni. Kwa majirani hayo hayakuwa siri. Lakini yeye hakuwa jirani.

"Nani amekutuma?" nikamuuliza, mkono wangu ungali juu ya komeo.

"Hakuna mtu. Mimi ni Adhar. Nimetoka Kakuma."

Aliposema Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nikakumbuka nilikoiona sura hiyo. Niliiona ndani ya simu yangu mwenyewe.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa natafuta nakala ya cheti changu ili niambatanishe na maombi ya kazi. Katikati ya picha zangu nikakuta mtoto nisiyemjua, amevaa sare ya shule ya zambarau. Nikakuta foleni ya watu wenye magunia. Nikamkuta mwanamke mrefu mwenye shuka la buluu, akicheka mbele ya mlango wa mabati. Zilikuwa picha zaidi ya mia mbili. Katika akaunti ile nilihifadhi maisha yangu yote: vyeti, kitambulisho, barua za kukataliwa kazi na zile mbili tatu za kunipa moyo. Ilikuwa kama kurudi nyumbani na kukuta mtu ameingia, na hata picha za jamaa zake ameshazitundika ukutani.

Nilifungua orodha ya vifaa vinavyotumia akaunti yangu. Vilikuwa viwili. Kimoja ni simu niliyoishika. Kingine ni simu yangu ya zamani, na ramani ilionyesha iko Kakuma.

Simu hiyo nilimpa binamu yangu Ewoi nilipopata mpya. Au niseme, aliniomba. Kwetu Waturkana mtu wa ukoo akikuomba kitu ambacho unacho viwili, huna pa kujificha. Aliniomba barabarani, mguu mmoja tayari uko juu ya lori la kwenda Namoruputh, nami nikatoa laini yangu na kumpa simu palepale. Kumwambia asubiri nifute vitu vyangu kungeonekana kama kumpa mtu mfupa baada ya kuung'ata nyama yote. Tena niliamini kwamba laini ikishatoka, simu imeshatoka mikononi mwangu. Nina shahada, na bado niliamini hivyo.

Nilipoiona Kakuma nikampigia Ewoi. Akaapa kwamba simu iko Namoruputh, ndani ya sanduku la bati, na kwamba yeye mwenyewe ameiona asubuhi. Basi nikaamua kuwa kuna wezi wanaodanganya hata ramani. Nikabonyeza kitufe cha kufuta kila kitu kilichomo kwenye simu ile kutoka mbali, kisha nikazitupa picha zote za wageni kwenye pipa la akaunti, ambako hukaa siku sitini kabla ya kupotea kabisa. Usiku huo nililala vizuri, nikijisifu.

Sasa mmoja wa wale niliowatupa alikuwa amesimama getini.

Mama alitoka jikoni kuona kwa nini sizungumzi. Akamtazama Adhar, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiturkana tangu lini mgeni wetu husimamishwa juani kama mbuzi wa kuuzwa. Akamsalimia, ejok, akamwingiza ndani, akampa maji. Mimi nilikaa karibu na mlango, simu yangu nimeikalia.

Adhar alieleza polepole. Alinunua simu ile sokoni Kakuma kwa kijana mmoja mwenye kovu juu ya jicho. Mama aliinua uso. Ewoi ana kovu juu ya jicho. Adhar aliitumia miezi mitano bila shida, mpaka Jumapili moja ikazima mkononi mwake kanisani, na ilipowaka ilikuwa haina kitu, inadai akaunti ya mwenyewe. Aliipeleka kwa fundi, Mkongo mmoja anayeitwa Anatole. Anatole alisema angeweza kuivunja kufuli kwa hila, lakini kilichofutwa hakitarudi. Aliye na ufunguo, na pengine vilivyopotea pia, ni mwenye jina.

"Akaniambia nenda kwake, aandike nenosiri kwa karatasi," Adhar akasema, akatoa kutoka kifuani karatasi iliyokunjwa mara nne, tupu, na kalamu.

Niliitazama karatasi ile. Katika mafunzo yote niliyowahi kuhudhuria, hakuna jambo lililorudiwa kuliko hili: anayekuomba nenosiri ni mwizi, hata akija na machozi. Nikamwuliza simu yenyewe iko wapi. Akasema ameiacha kwa Anatole. Nikamwuliza kwa nini mtu asafiri kwa muda wa saa mbili kwa ajili ya simu, halafu aiache nyuma.

"Polisi barabarani wakinikuta na simu imeandikwa jina ya mtu mwingine, na haifunguki, watasema nini? Mkimbizi ameiba." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayetaja bei ya unga.

Lilikuwa jibu zuri. Wezi nao huwa na majibu mazuri. Nikamwuliza alinipataje, akasema kwa wasifu wangu wa kazi. Ulikuwa ndani ya simu, una jina, mtaa na kanisa, naye aliusoma mara nyingi kabla simu haijazima. Nikamwuliza alisoma nini kingine.

"Vyote," akasema. "Barua wamekukataa. Nilikusikitikia ile ya Februari. Na sauti ya bibi yako anaimba, ile niliweka jioni, mtoto yangu alikuwa analala nayo."

Nilisimama. Bibi yangu alifariki mwaka juzi. Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumwambia kwamba hana haki ya kumsikia bibi yangu, kwamba huo ni wizi hata kama aliinunua simu kihalali. Nadhani aliyaona hayo usoni mwangu, kwa sababu aliweka kikombe chini.

"Dada, miezi mitano nimekaa na watu wako ndani ya simu. Nafasi ilijaa. Fundi aliniambia futa hizi za mtu mwingine. Sikufuta hata moja. Wewe ulifuta zangu kwa siku moja."

Mama aliendelea kukoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Hakutaka zote, Adhar akasema. Alitaka moja. Mama yake alifariki mwezi uliopita kwao, ng'ambo ya mpaka, na kesho Alhamisi saa sita mchana kuna gari la kwenda Nadapal, mpakani, ambalo yeye na ndugu zake wameshalilipia, waende wakamlilie. Kati ya watoto saba hakuna mwenye picha ya mama yao isipokuwa hiyo moja, iliyopigwa wakati wa ugonjwa na kutumwa kwake. Mama ameketi juu ya dumu jeupe, jicho moja amelifumba kwa sababu ya jua, kuku yuko karibu na mguu wake.

Kuku nilimkumbuka. Niliichomoa simu chini yangu, nikafungua pipa, nikapekua. Alikuwepo. Mwanamke mzee, kichwa kimenyolewa, kifua wazi, mbavu zinahesabika. Niliigeuza simu upesi ili mama yangu asione, na sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Adhar aliona nilivyoigeuza. Akasema mama yake hakuwahi kutoka nje bila kitambaa kichwani, hata kuchota maji. Ile picha haikupigwa ionwe na watu. "Wewe umeshaiona. Basi iishe kwako. Usimwonyeshe mtu, na isipite kwa simu ya mtu mwingine. Sio ya Anatole, sio ya jirani."

Nilimwambia nenosiri sitaliandika popote, si kwa ajili yake wala kwa ajili ya mtu yeyote. Lakini nitakuja Kakuma kesho kwa gari la kwanza, nitaifungua simu kwa mkono wangu mwenyewe, na picha itatoka kwenye simu yangu iingie kwenye yake, bila kupita kwingine.

"Kama huji, sema sasa," akasema. "Nitaelewa. Usiniambie kesho."

"Nitakuja."

Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa kinaisha saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo aliondoka na karatasi yake tupu. Mimi sikwenda naye. Kusema kweli, bado sikumwamini. Nilitaka kwanza kumsikia Ewoi.

Ewoi siku hizi anaendesha bodaboda hapa mjini. Alikuja saa kumi na moja, akaanza tena habari za sanduku la bati. Nikamwambia kuna mwanamke aliyekuja na kutaja kovu lake. Akashika kovu, akacheka, akaacha kucheka. Alikiri kwamba aliiuza wiki ileile niliyompa, kwa sababu alikuwa Kakuma na shida ilimkuta huko. Halafu akageuza lawama: mbuzi unayempa mtu hubaki na alama ya ukoo wako sikioni, na hakuna anayelalamika.

"Ndiyo sababu akipotea wanakuja kwetu kuuliza," mama akamjibu kutoka jikoni. "Leo wamekuja."

Nilikuwa bado natafakari jambo hilo wakati ujumbe wa kwanza ulipoingia. Shirika nililoliandikia miezi minne nyuma lilikuwa limenichagua kwa kazi ya kukusanya takwimu za mifugo, miezi sita. Mafunzo ni kesho Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, hapa Lodwar. Atakayekosa mafunzo jina lake litaondolewa.

Niliusoma mara tatu. Ewoi alinipokonya simu, akausoma kwa sauti, akapiga makofi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Walifurahi kiasi kwamba nilishindwa kuwaambia kuwa saa hiyo nimeahidi kuwa Kakuma. Nilikuwa nimengojea ujumbe huo tangu nilipohitimu.

Kabla hawajatulia ukaingia wa pili. Ulikuwa onyo kutoka kwenye akaunti yangu: mtu alikuwa amejaribu kuingia na kuzuiwa. Mahali, Kakuma. Baada ya dakika tano likaja jingine. Kisha jingine.

"Umeona?" Ewoi akasema. "Hao ni wakora, sista. Yule mama alikuja kukuchota akili, sasa wako kazini. Badilisha nenosiri saa hii hii."

Vidole vyangu vilikuwa tayari vinaenda huko. Lakini mimi husoma maelezo hata ya dawa ya mswaki, nikasoma na yale. Yalionya kwamba ukibadilisha nenosiri, simu iliyofungwa kwa akaunti hiyo haitakubali kufunguliwa mpaka ipite siku nzima au zaidi. Nikibadilisha jioni hii, kesho saa sita mchana simu ya Adhar itakuwa bado imefungwa. Nisipobadilisha, na kama Ewoi amesema kweli, hadi asubuhi vyeti vyangu, kitambulisho changu na sauti ya bibi vitakuwa mikononi mwa watu nisiowajua.

Ewoi aliona ninasita. Akanipa njia rahisi: nimtumie fundi picha moja kwa WhatsApp, namba yake bila shaka iko kwenye vibao vya soko, amwonyeshe huyo mama, mambo yaishe, nami niende mafunzoni. Ilikuwa njia nzuri. Ningeifanya kwa dakika moja. Mama akasema hata yeye angependa kuiona hiyo picha iliyoleta taabu yote hii, akanyoosha mkono.

"Nimeahidi haitaonwa," nikasema.

"Hata na mimi?"

"Hata na wewe, mama."

Aliurudisha mkono, akaufuta kwenye kanga ingawa haukuwa na kitu. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama mafunzo yanaweza kusogezwa. Nilimpigia msimamizi. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema orodha ya akiba ina watu arobaini.

Sikubadilisha nenosiri. Nilinakili sauti za bibi kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, nikaifunga kwenye ncha ya kitambaa cha mama, kisha nikakaa naihesabu milio ya simu. Maonyo yalikuja saba, yakakoma.

Alfajiri nilipanda gari la kwanza. Kufika Kakuma ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Simu yangu ililia mara moja nikiwa bado stendi, namba ya msimamizi. Nilipopokea ilikuwa imeshakatika.

Duka la Anatole lilikuwa kibanda cha mabati kilichojaa simu zilizofunguliwa matumbo. Yeye alikuwa mtu mnene mwenye miwani ya kuning'inia, na tabasamu ambalo sikulipenda. Juu ya meza yake kulikuwa na kamera ndogo, imeelekezwa palepale ambapo mteja huweka mikono. Nilivua leso yangu na kuifunika.

"Dada, ile kamera ilikufaka kitambo, haioni tena," akasema, akicheka. "Ni ya kutisha wezi tu."

"Acha na mimi initishe," nikamjibu. Nikamwomba atoke nje. Alitoka bila ubishi, akaketi juu ya ndoo na kutugeuzia mgongo.

Adhar alikuwa akinisubiri humo ndani, ameshika kifurushi cha safari. Hakunisalimia kwanza. Alinitazama kama mtu aliyejiandaa kwa jambo jingine, kisha akanishika mikono yote miwili. Nami, kabla ya kitu chochote, nikamwuliza kuhusu maonyo saba.

Alitazama chini. "Ni mimi. Jana nikirudi nilisema pengine hutakuja. Nilijaribu jina la mama yako. Abei. Halafu jina la bibi. Halafu siku yako ya kuzaliwa." Akafikiri. "Halafu Yesu."

Sikucheka. Ilinichoma kwamba naye jioni ile hakuwa ameniamini, na kwamba alikuwa na kila sababu. Ilinichoma pia kwamba nenosiri langu lilikuwa jina la bibi na mwaka wake wa kuzaliwa. Alikuwa amebakiza tarakimu nne tu.

Niliiweka simu ya zamani magotini, nikainama juu yake, nikaingiza akaunti yangu na nenosiri langu. Mtandao ulizunguka, ukazunguka. Kisha ikafunguka. Sikuanza na picha. Niliingia kwenye mipangilio, nikaiondoa akaunti yangu kwanza, nikairudisha simu kuwa mpya kama ilivyotoka kiwandani, jambo ambalo lingehitaji dakika kumi tu pale barabarani siku ile Ewoi aliponiomba. Ilipowaka tena haikuuliza jina la mtu. Katika simu yangu, orodha ya vifaa ilibaki na kimoja.

Hapo nikaziweka simu mbili bega kwa bega na kumtumia picha zake, moja kwa moja, bila mtandao. Yule mtoto wa sare ya zambarau. Foleni. Mlango wa mabati. Ya mwisho ilikuwa ya mama yake. Adhar aliipokea kwa viganja viwili, akaifunika na shuka kabla hajaitazama, akaingiza kichwa ndani ya shuka, akakaa humo.

Ujumbe wa msimamizi uliingia akiwa bado humo. Nafasi yangu imepewa mwingine, ananitakia kila la heri. Ilikuwa saa tatu na nusu. Nilijua ningemkuta mama sokoni jioni, na kwamba asingeniuliza kitu mbele ya wateja.

Adhar alipotoa uso nje, nilimwonyesha simu yangu. Niliifuta picha ile mbele yake, nikaingia kwenye pipa, nikaifuta na humo, nikamwachia atafute mwenyewe mpaka aridhike kwamba haipo. Alitafuta. Hakuharakisha kwa ajili ya adabu, na nilifurahi kwamba hakuharakisha.

Ilibaki akaunti yake. Nilimsaidia kuandika jina lake, herufi kwa herufi, siku ya kuzaliwa, na tulipofika mahali pa nenosiri nikampa simu.

"Lisiwe la mama," nikamwambia. "Wala Yesu. Na mimi nisilijue."

Nje honi ya gari la Nadapal ilikuwa inaita watu mapema. Adhar aliishika simu karibu na uso, kidole kimoja juu, akanitazama akingoja.

Nikageukia ukuta wa mabati, nikafumba macho, nikamsikia akibonyeza herufi moja moja, nyingi kuliko zangu.